Tarakimu ya Sita

Katibu wa chama cha msingi cha ushirika alikuwa amesimama katikati ya migomba, mkono mmoja ameinua simu juu kama mtu anayetafuta mtandao. Kioo kilionyesha namba mbili ndefu, moja ya kusini na moja ya mashariki, na mwishoni mwa kila namba tarakimu hazikutulia. Nne ikawa saba, saba ikawa moja, ikarudi nne. Tulikuwa kwenye kihamba kimoja, yaani shamba la nyumbani, kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro. Mibuni imekaa chini ya migomba, migomba chini ya mringaringa, na juu ya vyote miti ya grevilea imefunga anga. Setilaiti zilikuwa huko juu zikifanya kazi yake, ila majani yalikuwa mengi.

Mwenye kihamba, bibi wa umri wa mama yangu, alikuwa kwenye kigoda akipepeta maharage. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akaendelea kupepeta huku anamtazama katibu kwa jicho la pembeni. Mwishowe akauliza.

"Mjukuu wangu, unapima kihamba changu unampelekea nani?"

"Wazungu, bibi. Wanataka kujua kahawa yao imetoka wapi."

Bibi akacheka hadi ungo ukatikisika. "Walioileta ni wao. Leo wamesahau walikoipanda?"

Kwa historia ya mlima ule, bibi hakukosea. Arabika ya Kilimanjaro ilianza kwenye misheni za Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19, na wenyeji wakaichukua, wakaichomeka chini ya migomba yao bila kukata mti wa kivuli. Bustani ile ya ghorofa kadhaa ambayo wataalamu wa mazingira huja kuipiga picha ndiyo leo inayotakiwa ijieleze kwamba haikuharibu msitu.

Sheria inayowapeleka watu vihambani na simu ni Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, iliyoanza kuwa sheria 29 Juni 2023. Inagusa mazao saba: ng'ombe, kakao, kahawa, michikichi, mpira, soya na mbao, pamoja na bidhaa zitokanazo na hayo. Inachotaka ni mambo mawili. Bidhaa isiwe imetoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na iwe imezalishwa kwa kufuata sheria za nchi yake. Hadi hapo sioni cha kubishania. Misitu inakwisha kweli, na Ulaya ni mlaji mkubwa wa vitu vinavyoimaliza.

Ubishi unaanza kwenye neno moja: thibitisha. Kampuni inayoingiza kahawa Ulaya inapaswa kuwasilisha tamko lenye mahali lilipo kila shamba lililochangia shehena. Shamba linalozidi hekta 4 lichorwe mipaka yake yote. La hekta 4 kushuka chini, pointi moja inatosha. Kila namba iwe na tarakimu zisizopungua sita baada ya nukta. Kampuni ikikiuka, kiwango cha juu cha faini kisipungue asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka ndani ya Umoja huo. Faini ya namna hiyo haimtishi bibi wa kihambani, ila inamtisha mnunuzi wake, na mnunuzi akitishika hapandishi sauti. Anahamia kwa muuzaji mwingine tu.

Sasa turudi kwenye simu ya katibu. Tarakimu ya sita baada ya nukta, kwenye nyuzi za latitudo, ni umbali wa sentimita 11 hivi. Ni upana wa kiganja. Simu ya kawaida, uwanjani na mchana kweupe, hukosea kwa mita kadhaa, na chini ya migomba hukosea zaidi. Kwa hiyo fomu inadai namba ambayo kifaa kinaweza kuiandika lakini hakiijui. Watetezi wa kanuni watajibu kwamba tarakimu sita ni muundo tu wa namba, haziapishi mtu kwamba kipimo ni sahihi hadi kiganja. Nakubali. Lakini anayekagua Hamburg au Trieste haoni migomba. Anaona nukta kwenye ramani, na nukta ikiruka mita kumi na tano ikaangukia upande wa pili wa korongo, kwenye ukanda wa msitu ambao watu wa mlimani wanauita Nusu Maili, swali linaanza kumhusu bibi.

Ramani yenyewe nayo ina mambo yake. Kanuni inautambua msitu kama eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti ya zaidi ya mita 5, na vivuli vya matawi vinavyofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi, mradi tu ardhi hiyo haitumiki zaidi kwa kilimo. Binadamu akisimama kihambani anajua mara moja kwamba pale ni shambani: kuna mkungu wa ndizi, kuna mbuzi, kuna kaburi la babu. Setilaiti inaona kijani kibichi kirefu. Watafiti wa Umoja wa Ulaya walitoa ramani ya misitu ya dunia ya mwaka 2020 ili isaidie ukaguzi, wakasema wazi kwamba si ya lazima, na kwamba kahawa na kakao za kivulini ni miongoni mwa vitu vinavyoitatiza. Matokeo yake ni kichekesho kisichochekesha. Mkulima aliyekata kila mti akapanda kahawa juani kabla ya mwaka 2020 anaonekana msafi kabisa kwenye picha, na aliyetunza miti ya kivuli ndiye anayeulizwa kwa nini shamba lake linafanana na msitu, na kama akipunguza miti kesho, kwa nini msitu umepungua.

Nimefanya kazi ya viwango na biashara kwa miaka mingi, na ningependa wasomaji wa safu hii waelewe kikwazo cha kiufundi kinakaa wapi hasa. Wengi wanakitafuta kwenye nia: je, Wazungu wanapenda misitu kweli, au wanalinda wakulima wao? Ni swali tamu la barazani lakini halitufikishi mbali. Ulaya hailimi kahawa. Kahawa mbichi haitozwi ushuru hata senti moja kuingia Umoja wa Ulaya. Hakuna mkulima wa Bavaria anayeogopa arabika ya Uru kule Kilimanjaro. Nia inaweza kuwa safi kama maji ya mfereji wa mlimani, na kikwazo kikabaki pale pale, kwa sababu kikwazo kimekaa kwenye gharama ya ushahidi, na gharama hiyo inagawanywa vibaya.

Fanya hesabu ya mezani. Kontena la futi 20 hubeba magunia 320 ya kilo 60, yaani tani 19 na kitu. Tuseme kila mkulima wa mlimani amechangia gunia moja. Kontena hilo lina watu 320, vihamba 320, ziara 320, pointi 320 za GPS, na labda mabibi 320 wanaouliza unampelekea nani. Mwenye shamba kubwa nchini Brazili anajaza makontena kadhaa kutoka ardhi moja iliyochorwa mara moja na mpimaji wake wa kuajiriwa. Sheria ni moja, fomu ni ile ile, na kila mmoja anatendewa sawa na mwenzake. Kwa kilo moja ya kahawa, usawa huo ni mzigo wa tembo kwa mmoja na unyoya kwa mwingine. Tanzania ina kaya za wakulima wa kahawa zaidi ya laki tatu, na zaidi ya asilimia 90 ya kahawa yetu inatoka kwao.

Kuna kitu kibaya zaidi ya idadi. Kanuni hairuhusu kuchanganya kahawa inayojulikana ilikotoka na isiyojulikana. Kahawa ya wakulima wadogo kwa asili yake ni mchanganyiko: mnakusanya kwenye mizani ya chama, mnakoboa pamoja, mnapanga madaraja pamoja. Pointi moja ikishindwa kati ya 320, kontena zima limeshindwa. Kwa hiyo meneja wa ununuzi aliyeko Antwerp, mtu mwema mwenye watoto na mbwa, anapiga hesabu yake ya kawaida na kuona kwamba hatari iko kwenye wingi wa majina, hata kama hakuna hata mmoja wao aliyekata mti. Misitu ya Tanzania inaliwa na mkaa na mashamba mapya ya mahindi na ufuta kuliko inavyoliwa na mbuni. Mkaa hauendi Antwerp.

Mabishano ya aina hii yalikuwepo kabla ya kahawa. Kesi ya kwanza kabisa iliyofika kwenye Chombo cha Rufaa cha Shirika la Biashara Duniani, mwaka 1996, ilikuwa ya petroli: Venezuela na Brazili zikilalamika kwamba kanuni ya hewa safi ya Marekani ilivipimia viwanda vya nje kwa kipimo kigumu kuliko cha viwanda vya ndani. Venezuela na Brazili zikashinda. Ila kesi ninayowapa vijana waisome ni ya kamba na kasa. Marekani ilizuia kamba waliovuliwa kwa nyavu zisizo na kifaa cha kuwatoa kasa. India, Malaysia, Pakistan na Thailand zikashtaki. Mwaka 1998 Chombo cha Rufaa kikasema jambo ambalo wengi wetu hatujalimeza hadi leo: kumlinda kasa ni halali, hata kasa anayeogelea hadi kwenye bahari ya mwingine. Marekani ilishindwa kwa namna ilivyolitenda jambo lenyewe. Nchi za Karibiani zilipewa miaka 3 ya kujiandaa pamoja na msaada wa kitaalamu; nchi za Asia zilipewa miezi 4. Marekani ikarekebisha utaratibu, ikaitisha mazungumzo, na mwaka 2001 katazo lile lile likapita.

Tangu hapo mkondo haujabadilika sana. Malaysia na Indonesia zilishtaki Umoja wa Ulaya juu ya mafuta ya mawese yanayotumika kwenye nishati ya magari, na hukumu zilitoka Machi 2024 na Januari 2025. Lengo la kulinda misitu lilikubaliwa. Kilichokosolewa ni uandaaji na utekelezaji. Anayekwenda Geneva, makao ya Shirika la Biashara Duniani, kusema "mazingira ni kisingizio" hurudi mikono mitupu. Anayekwenda na kusema "mwenzangu mmempa miaka 3, mimi miezi 4" hurudi na kitu. Hata hivyo ushindi wenyewe siku hizi una kasoro, kwa sababu tangu Desemba 2019 Chombo cha Rufaa hakina majaji wa kutosha kusikiliza kesi, baada ya Marekani kuzuia uteuzi wao. Aliyeshindwa anaweza kukata rufaa mbele ya viti vitupu.

Katika ukanda wetu somo hili lina harufu ya samaki. Mwanzoni mwa 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Shirika la Afya Duniani lilisema kuzuia namna ile haikuwa njia inayofaa. Hatari ya kipindupindu kupitia samaki wa biashara ni ndogo, na sangara mwenyewe huliwa akiwa amepikwa. Katikati ya mwaka katazo likaondolewa. Mwaka 1999 likaja jingine, na hili lilikuwa na ukweli ndani yake: kulikuwa na wavuvi waliokuwa wakimwaga sumu ya wadudu majini ili samaki waelee. Naikumbuka mialo ya Mwanza mwaka ule. Mitumbwi imepinduliwa kifudifudi mchangani asubuhi, saa ambayo kwa kawaida ingekuwa imeshusha, na akina mama wa kukaanga mapanki wamekaa bila la kukaanga, kwa sababu kiwanda kisipokata minofu hakuna mapanki.

Kuna watu hukasirika nikisema hivi, lakini nasema: makatazo mawili yale si mamoja. La kwanza lilikuwa woga uliovishwa koti la sayansi. La pili lilitushika na uchafu wetu. Na baada ya machozi kukauka, nchi zetu zikajenga vitu ambavyo hazikuwa navyo. Pale Nyegezi kuna maabara ya ubora wa samaki. Mialo iliyoteuliwa kushusha samaki wa viwandani ilipata sakafu na barafu, na wakaguzi wenye mamlaka ya kisheria. Sangara alirudi Ulaya na bei nzuri. Ila ukihesabu waliorudi pamoja naye, mvuvi mwenye mtumbwi mmoja usio na sanduku la barafu hayumo. Kikwazo kilipoondoka, kilimwacha amesimama nje ya uzio.

Ndiyo maana sipendi kuulizwa kama kanuni za mazingira ni nzuri au mbaya kwa biashara. Huwa najibu kwa swali: ni nani aliyekuwa mwalo ule kabla, na ni nani aliyepo sasa?

Kuna kanuni nyingine ambayo haikupigiwa kelele kama ya misitu, na kwangu ni ya kuvutia zaidi. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya dawa kadhaa za wadudu kwenye mashamba ya wazi, kwa sababu zinaua nyuki. Mwaka 2023 ukaenda hatua moja mbele. Kwa dawa mbili kati ya hizo, klothianidini na thiamethoksamu, ukashusha kiwango cha mabaki kinachoruhusiwa kwenye chakula hadi chini kabisa, pale maabara inapoishia uwezo wake wa kupima, na kiwango hicho kikaanza kutumika 7 Machi 2026. Angalia sababu. Hawakusema mlaji wa Ulaya ataumwa. Walisema nyuki wa dunia nzima wanakufa, wakiwemo wa kwetu, na kwamba mnyororo wa chakula cha Ulaya usichangie. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kiwango cha mabaki kushushwa kwa ajili ya mdudu aliye nje ya mipaka yao. Kwa sababu hiyo tangazo lake Geneva halikupitia kamati ya usalama wa chakula. Lilipitia mlango wa vikwazo vya kiufundi.

Mfuga nyuki wa Tabora angeweza kupiga makofi, na ningepiga naye. Nyuki wakiisha, tikiti na alizeti navyo kwaheri. Lakini mlango una pande mbili. Dawa zilizopigwa marufuku kwenye mashamba ya Ulaya ziliendelea kutengenezwa kwenye baadhi ya viwanda vya Ulaya na kupakiwa melini kwenda nchi za nje. Mkulima anauziwa kopo halali, ananyunyiza, na zao linakataliwa kwa sababu ya kilichokuwa ndani ya kopo. Huyu naye anatakiwa athibitishe. Wakulima wa mishiri (maharage mabichi ya maganda) wa Kenya wanaifahamu njia hii tangu Januari 2013, pale sehemu ya kumi ya shehena zao ilipoanza kupimwa mpakani Ulaya kwa sababu ya mabaki ya dawa. Kampuni kubwa zilijenga maabara. Wenye robo eka, wengi wao, waliachwa na wanunuzi wao.

Nisije nikaonekana nalia kama kwamba sisi hatuna ndago shambani kwetu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 28 Agosti 2017, kwa adhabu inayoweza kufika faini ya shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo cha hadi miaka 4. Sisi tukafuata 1 Juni 2019. Rwanda ilitutangulia wote, mwaka 2008. Ninaziunga mkono sheria zote tatu, na nimeona tofauti kwenye mitaro ya Dar es Salaam mvua zinaponyesha. Lakini mwenye kiwanda cha mifuko aliyekuwa akiuza ng'ambo ya mpaka alikutana na nini, kama si kikwazo cha kiufundi cha biashara kwa sababu za mazingira? Magari nayo hivyo hivyo: Kenya haipokei gari lililotumika la zaidi ya miaka 8, Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018, na sisi tunaliacha liingie tukilitoza zaidi kwa uzee wake. Ni jumuiya moja, ina Soko la Pamoja kwenye karatasi, na gari lile lile lililoshuka meli moja ni takataka Mombasa na ni usafiri wa familia Dar es Salaam.

Ukweli ni kwamba mwenye soko ndiye anayeandika kanuni, na asiye na soko anabaki na haki moja: kusikilizwa kabla wino haujakauka. Haki hiyo ipo. Mkataba wa Vikwazo vya Kiufundi vya Biashara, uliopo tangu 1995, unamtaka mwanachama anayetunga kanuni ya aina hii atangaze rasimu kwa wenzake, na kamati ya mkataba inapendekeza siku 60 za kupokea maoni. Mawaziri walikubaliana Doha mwaka 2001 kwamba kati ya kuchapishwa na kuanza kutumika, kwa kawaida ipite miezi isiyopungua 6. Kanuni isiwe nzito kuliko inavyohitajika kufikia lengo halali, hilo limeandikwa. Matangazo hupokelewa na mashirika ya viwango: kwa Tanzania TBS, Kenya KEBS, Uganda UNBS. Rasimu ya kanuni ya misitu na ile ya nyuki zote mbili zilitangazwa Geneva mwaka 2022.

Niseme nilichokiona kwa macho, bila kutaja ni wapi. Tangazo linafika kwa barua pepe, kurasa sabini za Kiingereza cha mawakili. Linapelekwa idara tatu kwa barua ya jalada. Idara ya kwanza inaona ni suala la misitu, ya pili inaona ni la kilimo, ya tatu imesafiri. Siku ya 58 inapigwa simu kwa chama cha wauzaji nje, nacho kinajibu kwamba kitakutana mwezi ujao. Siku ya 61 hakuna anayesumbuka tena. Miaka mitatu baadaye, katibu yuko kihambani na simu, na waheshimiwa wako kwenye warsha hotelini wakilaani ukoloni mamboleo, posho ya kikao ikiwa imeshasainiwa. Maoni ya kurasa mbili tu mwaka 2022, yenye picha ya kihamba kwa juu na kwa chini, yangeleta hoja ya kahawa ya kivulini mezani wakati meza ilikuwa bado ina watu.

Nasema hivyo kwa sababu wengine walizungumza na wakasikika. Kanuni ilipaswa kuanza 30 Desemba 2024. Ikasogezwa mwaka mmoja. Desemba 2025 ikasogezwa tena: 30 Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na za kati, 30 Juni 2027 kwa ndogo kabisa na ndogo. Agosti 2025, kwenye tamko la pamoja la biashara kati ya Umoja wa Ulaya na Marekani, Ulaya ilikubali kuandika kwamba uzalishaji wa bidhaa hizi ndani ya Marekani una hatari ndogo mno kwa misitu ya dunia, na ikaahidi kushughulikia malalamiko ya Wamarekani. Mei mwaka huo huo nchi zote zilikuwa zimepangwa kwa madaraja ya hatari. Kubwa: Urusi, Belarusi, Korea Kaskazini na Myanmar. Ndogo: Marekani, nchi zote za Umoja wa Ulaya, na Kenya pia. Tanzania na Uganda tumo kwenye daraja la kati. Kwa mwaka, wakaguzi wanatakiwa wafikie asilimia 1 ya waingizaji wanaonunua toka daraja la chini, 3 toka la kati, 9 toka la juu. Mpaka wa Kenya na Tanzania unapinda kwenye miguu ya Mlima Kilimanjaro, na mbuni wa upande wa Loitokitok, Kenya, sasa una hatari ndogo kuliko wa Rombo.

Marekebisho ya Desemba 2025 yamekwenda mbali zaidi. Mzalishaji mdogo aliye kwenye nchi ya hatari ndogo, anayeingiza sokoni mazao yake mwenyewe, anaweza kutoa tamko jepesi mara moja tu, na mahali pa namba za GPS akaandika anwani yake ya posta. Mwenye msitu wake mdogo huko Austria anatosheka na jina la mtaa. Bibi yetu, ambaye sanduku lake la posta ni la parokia, anadaiwa upana wa kiganja. Kama nitaulizwa ni wapi hoja ya kamba na kasa inaweza kusimama tena, ningeanzia hapo: shida ni ile ile ya udogo, na waliopewa nafuu ni wa upande mmoja.

Na kusogeza tarehe nako kuna mhanga wake. Vyama vilivyotii mapema viliingia gharama mwaka 2024: vijana wakalipwa, simu zikanunuliwa, orodha zikapangwa. Vilivyokaa kimya havikupoteza kitu. Ukienda kuwaambia watu wa chama kitiifu kwamba safari hii tarehe ni ya kweli, jiandae na majibu.

Jambo la mwisho nililomuuliza katibu, tukishuka kwenye barabara ya vumbi, ni kuhusu namba zile zinakwenda wapi. Akasema kuna kampuni inayonunua kahawa yao, ndiyo iliyoleta programu ya simu, na pointi zote zinaingia moja kwa moja kwenye mtambo wa kampuni. Je, chama kina nakala? Akasimama kidogo. Nakala hapana, ila anaweza kuona jumla ya waliopimwa. Kwa hiyo chama kikipata mnunuzi mwingine mwenye bei bora msimu ujao, hakina cha kumwonyesha. Kitaanza kihamba cha kwanza. Kwenye mnada muuzaji ana nguvu kwa sababu wanunuzi wengi wanaiona kahawa ile ile. Kahawa ambayo ushahidi wake umefungiwa kwenye kompyuta ya mnunuzi mmoja haina mnada tena, hata kengele igongwe.

Hili haliko Brussels. Hakuna kifungu cha kanuni kinachosema pointi ziwe za mnunuzi. Bodi ya kahawa, vyama vikuu na wizara wanaweza kuamua kwamba orodha ya vihamba ni mali ya chama na ya mkulima mwenyewe, ikae hapa, itolewe kwa kila anayenunua. Kuvuna Kilimanjaro huanza Julai na kwenda hadi Desemba. Kahawa ya mwanzo wa msimu wa 2026 itafika Ulaya kabla ya 30 Desemba, na ya mwisho itaikuta tarehe hiyo haijafika.

Tuliporudi kuchukua mkoba ambao katibu aliuacha, bibi alikuwa amemaliza maharage. Akamuuliza katibu kama namba imetulia. Katibu akamwonyesha kioo: tarakimu ya sita ilikuwa 3. Bibi akaitazama, akaiangalia na migomba yake, akauliza kama na jirani yake amepewa tatu.